Mkono Uliobaki Juu

Marereni,
19 Mei 2025

Kwa Babu, Mwalimu Owen Thoya, Rabai.

Shikamoo Babu.

Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na kwamba sikio la kushoto bado linakusaidia. Nimekupigia simu mara tatu mwezi huu, na mara zote umeniambia "Asante sana, hatuhitaji," kisha ukakata. Basi nimerudia kalamu. Huku hatujambo. Mvua imesimamisha kazi kwenye mabwawa ya chumvi, na Mama yuko nyumbani anasuka mikeka. Kuku wawili wamechukuliwa na kicheche.

Babu, nimepewa Gredi ya Nne, watoto arobaini na saba, nami nahitaji ushauri wa mwalimu mkongwe. Kwenye semina tulifundishwa kwamba mwalimu asingoje mtihani wa mwisho wa muhula ndipo ajue nani amepotea; atazame kila siku, somo likiwa bado linaendelea. Kwa hiyo kipindi kikiisha nampa kila mtoto kikaratasi. Anaandika alichoelewa, na chini yake kinachomshinda. Nikifika nyumbani navipanga mezani mafungu matatu, na kesho yake naanza na fungu la waliokwama. Sitoi alama. Mwalimu Mkuu wetu, Bwana Musembi, alipita dirishani akacheka: "Mwalimu Kahaso, unakusanya takataka. Mimi nataka alama, na nafasi ya kila mtoto, wa kwanza hadi wa arobaini na saba."

Yuko msichana mmoja, Pola, anayekaa dawati la nyuma. Mama yake hufanya kazi na Mama kwenye chumvi. Hesabu zake za kutoa zote ni kosa, na kikaratasi chake hurudi kitupu. Bwana Musembi asema ni mvivu. Wewe ulifundisha miaka thelathini na mmoja. Ungemfanyaje?

La mwisho ni gumu, unisamehe. Nilimwambia Mama kwamba nakuandikia. Akasema, "Mwandikie." Nikamuuliza kama niongeze salamu zake, akainuka kwenda kuangalia kuku. Siku ya maziko ya Bibi alisimama nje ya ua hadi watu wakatawanyika. Nimekua ndani ya kimya hiki, Babu, na sijui kimetoka wapi. Kuna nini kati yenu?

Mjukuu wako,
Kahaso

*

Rabai,
7 Juni 2025

Mjukuu wangu mpendwa Kahaso,

Marahaba. Barua yako nimeipokea kwa mkono wa katekista Masha, aliyeichukua posta. Naomba radhi kwa kuchelewa kuijibu: mvua ilikata njia ya mtoni, na nami sikuwa mwepesi wa kuandika. Kuhusu simu, naomba unisamehe mara mbili. Nilidhani ni wale watu wa bima.

Mimi ni mzima, isipokuwa magoti na macho. Kanisa limepakwa chokaa. Mnazi ule wa mlangoni mwa jiko, aliokuwa akiupenda marehemu bibi yako Phoebe, umeanza kuzaa tena baada ya kugoma mwaka mzima.

Nimekusoma kwa heshima, na nisingependa kuonekana mzee wa kubeza mambo mapya. Lakini niruhusu kusema kwamba sisi hatukumuuliza mtoto kinachomshinda, mtoto angejuaje? Mzembe hupewa zoezi jingine, na jingine tena. Nilisahihisha kwa wino mwekundu ili kosa lionekane hata kwa mbali. Siku ya kufunga shule nilisoma majina mbele ya wazazi, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Waliosomwa mwisho walijitahidi muhula uliofuata. Wengi wao. Nimeongeza "wengi wao" kwa sababu si haki kukuficha.

Kuhusu macho, usihangaike ukisikia habari kwa wengine. Mchana, yapata saa nane, nikikaa sebuleni kutazama dirisha, naona pembeni mwa jicho, upande wa mlangoni, mkono wa mtoto umeinuliwa. Nikigeuka, hakuna. Daktari asema ni mtoto wa jicho, tena hupasuliwa ukaisha. Nimemshukuru. Sikumwambia kwamba nilianza kuuona nikiwa na miaka arobaini, macho yangu yakiwa mazima.

Swali lako juu ya mama yako nimelisoma. Tafadhali mfikishie salamu zangu.

Nikiomba radhi kwa mwandiko unaotetemeka,
Babu yako,
Owen Thoya

*

Marereni,
28 Juni 2025

Shikamoo Babu.

Mama yu mzima. Salamu zako nimezifikisha. Alikuwa akipepeta mchele, akaendelea kupepeta. Jua limerudi na kazi ya chumvi imeanza. Mikono yake imepasuka tena, kila jioni nampaka mafuta ya nazi.

Babu, usiniudhikie, sikufuata ushauri wako. Pola nilimpa mazoezi matatu zaidi kama ulivyosema, akayakosa yote matatu kwa unadhifu kabisa. Unadhifu huo ndio ulionishtua. Mvivu hachori mistari kwa rula. Nikamwita wakati wa mapumziko, nikaandika 52 kutoa 38, nikamwambia, "Sikutafutii kosa. Nionyeshe tu unavyofanya, nami nitanyamaza."

Akanitazama kama anayeuliza kama ni mtego. Kisha akasema, "Mbili na nane, kubwa ni nane. Nane toa mbili, sita. Tano toa tatu, mbili. Ishirini na sita."

"Na kwa nini umeanza na nane, hali iko chini?"

"Si ndogo ndiyo hutolewa kwa kubwa, Mwalimu?"

Basi! Ana kanuni, Babu, na anaifuata kwa uaminifu kila mara. Kurasa nzima za makosa, na kosa ni moja tu. Nilichukua njiti za ufagio, nikazifunga vitita vya kumi kumi kwa uzi. Nikampa vitita vitano na njiti mbili, nikamwambia anipe thelathini na nane. Akatoa vitita vitatu. Njiti nane hana, ana mbili. Akakaa. Mimi nikauma ulimi nisimwambie. Kisha taratibu akafungua uzi wa kitita kimoja, akanitazama, akacheka peke yake. Kikaratasi chake cha siku hiyo ndicho cha kwanza kuandikwa: "Nimeelewa kufungua. Kinachonishinda: sifuri ikiwa juu."

Kesho yake niliwauliza darasa zima, nikakuta watoto kumi na mmoja wana kanuni ileile. Watakuwa wameipata wapi? Je, enzi zenu ilikuwapo?

Kahaso

*

Rabai,
19 Julai 2025

Mpendwa Kahaso,

Samahani kwa ufupi wa barua hii. Nimeisoma yako mara nne. Masha aliponikuta nikiisoma mara ya tano aliuliza kama kuna msiba.

Hongera kwa kazi ya Pola. Nayaondoa niliyokushauri, na naomba radhi kwamba mtoto alifanya mazoezi matatu bure kwa ajili yangu.

Kanuni hiyo ilikuwapo. Hufundishwa darasa la kwanza, wakati namba bado ni ndogo, na wakati huo haina madhara. Mwalimu anayeifundisha hupaswa kurudi baadaye kuifungua. Sitaandika zaidi juu ya hilo leo.

Nina swali moja, na ukiona halifai usilijibu. Tangu ulipomwita yule mtoto hadi ulipolijua kosa lake, ulichukua muda gani?

Mkono ule sasa hauondoki nikigeuka. Hubaki kidogo.

Salamu kwa mama yako.

Owen Thoya

*

Marereni,
4 Agosti 2025

Shikamoo Babu.

Naandika kwa haraka kwa kuwa Masha yuko huku kwa arusi ya mpwa wake na anaondoka kesho. Umeniuliza muda. Ilikuwa kabla maandazi ya mapumziko hayajaisha mikononi mwa watoto. Dakika saba, labda.

Sasa nikueleze lililotokea Ijumaa, siku ya kufunga shule. Bwana Musembi alitaka orodha isomwe. Nikamwomba darasa langu tufanye kwa namna nyingine: kila mtoto asimame na mzazi wake, amweleze jambo moja lililokuwa likimshinda na jinsi alivyolishinda. Alisema, "Wazazi watafikiri shule imewaita kufundishwa na watoto." Lakini akaniachia, na mwenyewe akaja kusimama nyuma.

Mama yake Pola alikuwa zamu. Alimwomba Mama amwakilishe. Babu, Mama hajawahi kuingia darasani kwangu. Nikiwa mwanafunzi, vikao vyote vya wazazi alimtuma jirani. Sijui Pola alimwambia nini njiani, maana walifika wameshikana mikono. Mama akakaa dawati la nyuma na magoti yake hayaenei.

Pola akasimama na njiti zake. "Mimi nilikuwa natoa ndogo kwa kubwa, hata kama kubwa iko chini. Nilidhani ndiyo sheria. Hakuna aliyeniuliza. Mwalimu aliponiuliza ndipo nikajua kwamba naweza kufungua kitita."

Mama alimwambia, "Rudia."

Pola akarudia. Mama akachukua zile njiti, akafunga, akafungua, akafunga tena. Kisha akatoka nje. Nilimkuta ameegemea tangi la maji. Nikamuuliza kama anaumwa. Akasema, "Kulikuwa na wimbo. Ndogo itoke kwa kubwa, kubwa haitoki kwa ndogo. Nilikuwa nikiuimba nikichambua mchele." Nikamuuliza nani aliufundisha. Tulipofika nyumbani, akiwa amenipa mgongo, akasema: "Mwandikie babu yako. Muulize kama aliwahi kuniuliza."

Nimeandika kama alivyosema. Sikuongeza wala kupunguza.

Kahaso

*

Rabai,
30 Agosti 2025

Kwa Kahaso, na kupitia kwake kwa Kabibi, kama ataridhia kusomewa.

Salamu zangu ni zilezile za siku zote. Habari za huku hazina uzito leo, naomba mniwie radhi nisizianze.

Jibu ni hapana. Sikumuuliza.

Mwaka wa 1984 shule yetu ilikuwa na walimu watano, na darasa la nne lilikuwa langu. Kabibi alikuwa na miaka kumi na mmoja. Niliogopa kusemwa kwamba nampendelea, kwa hiyo nilimweka dawati la nyuma, nikamwamuru akiwa shuleni aniite Mwalimu. Tena nilijiwekea sharti ambalo sikumwambia yeyote: nikiuliza swali, mkono wa binti yangu sitauchagua. Niliona ni uadilifu. Baadhi ya wazee walinisifu kwa hilo, nami nilipokea sifa.

Wiki ya hesabu za kutoa, Kabibi aliinua mkono kipindi kizima. Niliuona. Nataka iandikwe kwamba niliuona. Ulipochoka, aliushikilia kiwiko kwa mkono wa pili ili usishuke. Nikamchagua Chengo, nikamchagua mtoto wa Mramba, nikafuta ubao.

Zoezi lilikuwa la hesabu ishirini. Nilimpigia misalaba ishirini myekundu na kuandika chini, "Mzembe. Aibu kwa baba yako." Siku ya kufunga shule nilisoma majina. Jina la mwisho lilikuwa Kabibi Thoya, sifuri. Mzee Mramba akacheka kwa sauti: "Kumbe hata wa mwalimu!" Watu wote wakacheka, na ninakiri kwamba nilitabasamu, ili nionekane mtu mwenye haki.

Hakurudi nyumbani. Siku ya tatu tukapata habari kwamba yuko Marereni kwa dada yake mke wangu. Phoebe alitaka kwenda kumchukua. Nikamkataza: atarudi mwenyewe aibu ikimtosha. Phoebe hakunigombeza. Aliniuliza neno moja: "Uliwahi kumuuliza?" Aliniuliza tena mwaka wa 2019, akiwa kitandani hospitalini, siku mbili kabla hajafa. Nikamwambia apumzike.

Daftari la zoezi lile Phoebe alilificha sandukuni mwake, nami nililipata baada ya maziko. Nililiogopa, nikalirudisha. Barua yako ya Juni ilipofika ndipo nikalifungua. 52 kutoa 38: 26. 71 kutoa 45: 34. 60 kutoa 27: 47. Ishirini zote, kosa moja. Wewe ulilijua kwa dakika saba, Kahaso. Mimi, nilipolitazama safari hii, sikufikisha mbili. Dakika mbili, na nilikuwa na jioni nzima, na taa, na mtoto mwenyewe akiosha vyombo nje ya dirisha langu.

Na wimbo ule ni wangu. Niliutunga mimi, kwa darasa la kwanza, mwaka wa 1981. Sikurudi kuufungua. Kati ya watoto wote niliowafundisha wimbo ule, Kabibi ndiye aliyelishika neno langu mpaka mwisho, na kwa sababu hiyo nikamwita mzembe.

Nalituma daftari pamoja na barua hii. Kando ya kila hesabu nimeandika swali nililopaswa kumuuliza. Nimetumia kalamu ya risasi, ili akipenda kufuta afute.

Siombi aje. Naomba tu ajue kwamba hakukosea.

Owen Thoya

*

Marereni,
26 Septemba 2025

Shikamoo Babu.

Tumepokea. Nilimsomea Mama barua yote, kwa sauti, mlango ukiwa wazi kama alivyotaka. Nilipofika mahali ulipoandika kwamba ulitabasamu, akasema, "Hilo nilidhani sikuliona sawasawa."

Daftari alilifunga ndani ya leso, na kwa wiki mbili amekuwa akilibeba hadi kazini. Mama yake Pola aniambia kwamba wakati wa kula hukaa peke yake kwenye ukingo wa bwawa, na kijiti, akiandika juu ya chumvi yenye unyevu. Akimaliza huifuta kwa mguu. Sijui kama anafurahi au ana hasira, nami sijamuuliza. Nadhani katika hili mimi si mwalimu wake.

Bwana Musembi ameniomba niwaeleze walimu wenzangu jambo la vikaratasi. Bado anataka orodha yake, lakini hataki tena isomwe mbele ya watu.

Jana Mama aliniuliza gari la asubuhi la kupitia Mombasa huondoka saa ngapi. Nikamtajia. Akasema, "Nilikuwa nauliza tu."

Kahaso

*

Rabai,
9 Oktoba 2025

Mjukuu wangu mpendwa Kahaso,

Nakuandikia nikiwa mzima, naomba usishtuke kwa kuona barua imekuja upesi kuliko desturi yangu.

Jumamosi, saa nane mchana, nilikuwa nimekaa kitini kutazama dirisha. Nikauona mkono pembeni mwa jicho, upande wa mlangoni. Sikugeuka. Nimejizoeza kutogeuka, kwa kuwa hugeuka bure. Ukakaa. Nikaendelea kutazama mnazi wa bibi yako. Ukakaa tu. Kisha ukachoka, na hapo nikaona mkono wa pili ukija polepole kuushikilia kiwiko, na vidole vyake vilikuwa vimepasuka na vyeupe kwenye mipasuko. Ule ninaouona siku zote ni wa mtoto.

Kahaso, nusura nimpite tena. Sijui alikuwa amesimama pale kwa muda gani.

Nikageuka, nikasema, "Ndiyo, Kabibi."

Akaushusha. Ana mvi, nami sikuwa nimefikiri kwamba atakuwa na mvi. Hakuniita Baba. Akakaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango, akanyanyua sauti kwa sababu ya sikio langu, kama mtu anayeuliza darasani. "Mwalimu, ulikuwa ukiniona kila siku. Kwa nini hukuniuliza hata nyumbani, tulipokuwa wawili tu?"

Nilijiandaa kwa maswali mengi mwezi huu. Hilo sikuliandaa. Nilianza kusema mambo ya haki, na ya maneno ya watu, akatikisa kichwa. "Hayo umeshayaandika." Alingoja. Hakunisaidia, wala hakunikaripia, wala hakugeukia mtu mwingine. Sijawahi kungojwa hivyo, na sijawahi kumngoja mtoto hivyo hata siku moja katika miaka thelathini na mmoja.

Mwishowe nikamwambia, "Sijui, mwanangu."

"Basi fikiri," akasema. "Nitakuuliza tena Jumamosi."

Akala wali, akaosha sahani, akaenda kaburini kwa mama yake akakaa huko kitambo. Daftari ameliacha mezani. Maswali yangu ya kalamu ya risasi hakuyafuta. Chini ya kila swali ameandika jibu, na hesabu zote ishirini ni sawa. Palepale nilipoandika neno lile la mzembe, ameacha nafasi tupu. Sijui kama ni yangu.

Usifikiri kwamba mkono umeondoka. Jana saa nane ulikuwapo, mdogo, mlangoni. Nami naujibu sasa. Nasema "Ndiyo" kwa sauti, nikiwa peke yangu, na Masha ananionea huruma.

Niwie radhi kwa ombi moja la mwisho: nimekata kikaratasi kama vile vyako, na nakuomba ukipange kwenye fungu linalokifaa.

Nilichoelewa: 52 kutoa 38.
Kinachonishinda: swali la Kabibi.

Jumamosi ni keshokutwa. Nimekihamisha kiti changu. Sasa kinatazama mlangoni.

Babu yako,
Owen Thoya